Shanga Zako za Dirishani

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kile kikohozi kimekuachia na baridi ya huko umeizoea. Mimi ni mzima wa mwili tu. Cherehani inazunguka, mgongo unalalamika. Ningependa kuandika kwamba sote nyumbani hatujambo. Siwezi.

Nianze na mmea wako wa shanga, ule ulioutundika dirishani asubuhi ya safari. Umekufa.

Unakumbuka ulivyomwagiza mama: udongo ukauke kabisa ndipo unyweshewe, mara moja kwa wiki mbili, jua liwe la asubuhi tu. Miaka sita aliyashika maagizo hayo kuliko saa zake za kula. Zile nyuzi zilishuka mpaka kwenye cherehani, na vijani vyake vya mviringo kama njegere vikawa vinanitekenya kichwani nikishona. Nilikuwa nanung'unika. Leo navitamani.

Ulipoandika mwaka jana kwamba safari ya kuja imeahirishwa tena, mama alikwenda dirishani kwenye mmea. Alianza tu kuunywesha kila siku. Nikamkanya, nikaficha kopo. Akatumia chai yake iliyopoa. Shanga zikalegea, zikageuka manjano, zikawa zinadondoka juu ya vitambaa vya wateja. Mama akaushika mmea, akasema mtoto ana homa.

Wakati huohuo presha yake ikapanda. Daktari akaongeza dozi, ikapanda tena, akanigombeza kwamba simsimamii mzazi. Nikaapa kuwa kila asubuhi namwona kwa macho yangu. Na kweli nilimwona: anaweka kidonge mdomoni, anakunywa maji, halafu anakwenda dirishani kuutazama mmea. Mimi narudi kwenye pindo langu.

Jumanne nilikishusha chungu nibadilishe udongo. Mizizi ilikuwa myeusi, inanuka kama tambara lililosahauliwa kwenye beseni. Katikati ya udongo kulikuwa na vidonge, vingine vimeyeyuka, vingine vizima. Nilihesabu ishirini na tisa nikaacha. Kitinda, mama alikuwa anaupa mmea dawa yake.

Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe. Alinijibu bila kuinua macho, "Mimi nimeshaishi. Yeye alisema akirudi aukute."

Alhamisi mkono wake wa kulia ulikataa kushika kikombe, na mdomo umepinda upande mmoja. Daktari anasema tusubiri, ila uso wake haukusema hivyo. Najua maji yakimwagika hayazoleki, lakini najilaumu kutwa. Mtu ninayepima mabega ya watu mpaka nusu inchi, nimeshindwa kuona kidonge chini ya ulimi wa mama yangu.

Nilikata kipande kimoja cha mmea kilichosalimika, nikakiacha kidonda chake kikauke siku tatu, kisha nikakilaza juu ya mchanga kwenye kisosi, kama ulivyotufundisha. Najua ni mapema mno kuota mzizi. Hata hivyo nakichungulia kila nikipita, na sina tumaini nacho.

Shangazi anakusalimu, ndiye anayenipokea zamu ya kumlisha mama. Fundi viatu wa hapo chini anauliza kama bado unamaliza visigino upande mmoja. Nilicheka kidogo, halafu nikalia mbele yake, mtu mzima mimi.

Mama hajui kwamba naandika. Jana, kwa ulimi mzito, alinikataza: "Usimwambie umekufa. Atakosa cha kurudia."

Nimekuambia. Kama ulikuwa unaurudia mmea, baki huko huko. Kama ni mama, njoo upesi.

Mungu akufungulie njia, na akukutanishe naye angali anakutambua.

Wako akupendaye, hata leo akiwa na hasira,
Dada yako wa cherehani.