Taa za Ng'ambo

Dada Rehema, shikamoo.

Hapa Bangwe kuna upepo, kadi hii naiandika nimeikandamiza kwa kiwiko. Nimekuja Kigoma kula migebuka, wale samaki wa huku, nimeishia maharage ya mawese kila siku! Ziwa limefungwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Sisi, Burundi, Kongo na Zambia tumekubaliana kufunga kwa pamoja.

Mwenye nyumba niliyofikia, Mzee Hamisi, ni mvuvi, na hatulii. Nyavu zake nzima, lakini anazishona tena. Giza likianza kuingia, wakati ambao angekuwa anawasha taa za kuvulia, anashuka ufukweni kuchungulia ng'ambo.

"Nikiona taa moja tu upande wa Kongo," anasema, "kesho naingia ziwani. Siwezi kushinda na njaa peke yangu."

"Baba Zuhura, kaa basi ule," mkewe anamwita. Hakai.

Jana nilimfuata. Njia ina mawe, nikawasha tochi ya simu. Akageuka kwa ukali: "Zima hiyo!"

"Jamani mzee, kitochi hiki kitaonekana Kongo?"

"Hakitaonekana, najua." Akanyoosha mkono kuelekea ng'ambo. "Lakini na kule kuna mtu kama mimi, kasimama anaangalia huku. Zima, mwanangu."

Nikazima. Ziwa lilikuwa jeusi mpaka ng'ambo. Ndipo mzee akakaa.

Nibusie watoto. Waambie dagaa wao wasubiri, kama tunavyosubiri wote huku.

Mdogo wako,
Salma