Nyangumi wa Daftarini

4 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za magoti? Natumaini yameacha kukutabiria mvua. Mimi sijambo, ila masikio yamechoka, maana siku hizi ndiyo yanayonilisha. Ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga simu.

Nakaa ofisini na spika za masikioni, nasikiliza bahari tangu asubuhi hadi mama wa usafi anapokuja kunifagia miguuni. Kile kinasa sauti tulichokizamisha katika ghuba yetu, chini ya mnara wa bandari ambako wewe ulifanya kazi, kilikaa majini msimu mzima. Nimesikia injini, nimesikia kamba wadogo wa baharini wakitatarika kama kuni mbichi motoni. Nyangumi nimewasikia siku nne tu. Wakati mwingine nasinzia nikiwasubiri, na nikizinduka sijui kama sauti niliyoisikia ilitoka majini au usingizini, inabidi nirudishe nyuma nisikilize upya.

Sasa kuna jambo. Meli zimekuwa nyingi na nyangumi wanagongwa. Mwezi wa sita kamati ya bandari itaamua meli zipite wapi: ndani ya ghuba kama zamani, au nje kwenye kina kirefu. Mimi nataka zipite nje, ghuba ibaki ya nyangumi wanaozaa. Wenye meli wanasema ghubani hakuna nyangumi tena. Shahidi wangu ni wewe. Lile daftari ulilokuwa ukiandika mnarani kila ulipowaona, bado unalo? Nitumie, tafadhali.

Mwanao.

17 Aprili

Mwanangu, Profesa wa Samaki,

Marahaba. Mimi ni mzima, na magoti ni magoti tu. Najua, najua, nyangumi si samaki, ananyonyesha kama mimi nilivyokunyonyesha. Umenifundisha hilo tangu una miaka kumi na miwili, lakini mwenye mkia akaishi majini nitamwita nipendavyo.

Daftari ninalo, nimelitia kwenye bahasha hii. Ni miaka kumi na tisa hiyo. Meli niliziandika kwenye kitabu cha bandari, nyangumi kwenye daftari langu, na mkuu wangu hakujua kazi ipi ndiyo iliyonileta kazini. Kulikuwa na asubuhi ambazo ghuba imetulia kama maziwa bakulini. Mara mgongo mmoja unapanda, unashuka, na kando yake mgongo mdogo unajaribu kuiga. Nilikuwa nasahau kujibu redio, manahodha wakanitukana hadi nikazoea.

Ila usilitegemee sana. Macho ya mtu si mashine. Tafuta na ushahidi mwingine, na ule chakula cha kueleweka.

Mama yako.

9 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Sijambo, na ninakula, usijali. Daftari lilifika nikalisoma siku mbili mfululizo, na nakwambia wazi kwamba nililia. Nilipofika miaka miwili ya mwisho niliyajua maneno kabla ya kuyasoma, kwa sababu ndiyo niliyomsomea baba alipokuwa mgonjwa. Nikitoka shule navua viatu, nakaa ukingoni mwa kitanda chake, nasoma: "Asubuhi, wawili na ndama. Mchana, watatu." Naye anafumba macho na kutabasamu, na chumba kizima nakiona kama kinaelea. Kazi yangu hii ilianzia kwenye kitanda kile.

Na miaka hiyo miwili ndiyo itakayotuokoa. Ina nyangumi wengi kuliko mingine yote. Nimewaambia wenzangu kwamba kama walikuwa wakiongezeka hadi ukurasa wa mwisho, basi msimu uliopita ulikuwa mbaya tu, watarudi. Wameafiki. Tarehe kumi na mbili Juni nitasimama mbele ya kamati, na nina hakika meli zitahamishiwa nje. Huko nje hatujawahi kusikiliza, chombo tunacho kimoja tu, lakini daftari linatosha.

Mwanao.

20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mwilini mimi sijambo, moyoni sina raha. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara tatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, basi afadhali nijiumbue mwenyewe ningali hai.

Ile miaka miwili ya mwisho ni uongo. Niliitunga mimi.

Baba yako alipolala kitandani, kila nikirudi kazini aliniuliza wamepita wangapi. Na mwaka ule hawakuja. Maji ya ghuba yalikuwa yamepata joto. Mzamiaji aliyekuwa akikwangua matumbo ya meli alisema ni kama kuoga maji ya kuchemsha. Nyangumi wa kwanza wa msimu aliingia, akazunguka mara moja, akatoka. Baada yake nikakaa dirishani wiki baada ya wiki natazama maji matupu. Nitamwambia nini mtu ambaye hana kingine cha kusubiri? Kwa mdomo sikuweza, maana nikidanganya sikio langu la kushoto linawasha, naye alilijua. Lakini wewe ndiye uliyemsomea. Nikaona nikiandika mimi, wewe utasoma kwa moyo safi, na uongo utamfikia umeshakuwa kweli. Nikaanza na mmoja. Jioni ile alikula vijiko vitano vya uji. Kesho yake nikaandika wawili. Ndiyo maana unaona wanaongezeka, mwanangu. Waliongezeka kadiri baba yako alivyopungua.

Sasa nisikilize vizuri. Miaka ile nilikuwa na darubini, na mara kadhaa niliona pumzi zao zikiruka mbali huko nje, pale maji yanapobadilika rangi. Sikuandika, daftari lilikuwa la ghuba peke yake. Kama ndiko walikohamia, basi unataka kuzipeleka meli juu ya migongo ya mama na watoto wao, na ni kwa mwandiko wangu. Zuia. Waambie mama yako ni mwongo, sitakasirika.

Kinachoniuma ni kile chumba. Nimekunyang'anya chumba ulichokipenda. Nisamehe.

Mama yako.

2 Julai

Mwanangu,

Uko salama? Siku ya kamati imepita na sijapata neno lako. Nimepiga simu mara mbili, haikupokewa. Karani wa posta sasa akiniona anatikisa kichwa kabla sijamsalimu.

Jana nilipanda mnarani polepole, ngazi kwa ngazi. Mama aliyechukua kazi yangu alinipisha kwenye kiti, akanipa na darubini. Meli bado zinapita ndani. Sijui kama wamekataa shauri lako, au umelikataa mwenyewe, au bado wanabishana. Nimemwota baba yako amesimama ghubani, maji yamemfika magotini, anatazama nje. Nikamwita, akainua mkono tu kama mtu anayesema ngoja.

Hata ukiniandikia matusi, niandikie.

Mama yako.

19 Julai

Mama yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hasira, nasema ilivyo. Kisha hasira ikaisha, na nikawa baharini.

Nilisimama mbele ya kamati nikasema miaka miwili ya daftari si ya kweli, na shauri langu mwenyewe naliondoa. Mwenye meli mmoja alicheka, akauliza kama nina na daftari la bibi. Mwenyekiti hakucheka. Alitupatia boti na wiki nne tukasikilize nje kwanza. Tukashusha kinasa sauti pale ulipopataja. Siku mbili, kamba tu. Siku ya tatu nikasikia mmoja, mrefu, kama anaimba kutoka chumba cha pili. Mwingine akamjibu. Kisha zikaja sauti ndogo, fupi fupi, za ndama anayeongea chinichini na mama yake. Nahodha alizima injini bila kuambiwa, na tukaelea hivyo mpaka adhuhuri, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukohoa. Tulihesabu wakubwa kumi na mmoja na ndama wanne. Maji ya pale yana ubaridi uleule uliokuwa ghubani zamani. Ubaridi ulihama, nao wakaufuata.

Kamati imeamua jana. Meli zitaendelea kupita ghubani, mwendo wa pole, na kule nje hazitakanyaga msimu wa kuzaa. Ghuba yetu nimeipoteza, mama. Miaka yako kumi na saba iko kwenye ripoti, miwili nimeitoa.

Na kile chumba hukuninyang'anya. Nikiwa botini nilikumbuka jambo nililoahidi nisikuambie. Dirisha la baba lilikuwa wazi kutwa, na unajua nyangumi wakiwa ghubani walivyokuwa wakipumua, tunawasikia hadi jikoni. Siku moja nilimsomea, "Leo, saba." Akageuza uso dirishani, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono.

"Saba hawaenei katika ghuba hii," akasema. "Mama yako ananipenda kupita kiasi. Usimwambie nimesema. Haya, soma tena, polepole."

Nilidhani anatania. Nikasoma tena, polepole.

Mwanao.