Kitabu Tulichokisoma Baada ya Alasiri

Mkunazini, Unguja
Jumanne, 8 Machi 1955

Kwa kaka yangu Silima,

Shikamoo kaka. Natumai mkono utakaoifungua barua hii ni mzima, na kifua cha mama kimepata nafuu tangu alipoanza kujifukiza. Huku kwa shangazi Mize sote tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Moyo wangu ndio hauna utulivu. Tangu juzi mlango ukigongwa naruka. Shangazi huniuliza nina nini, nami simwambii.

Mwalimu mwenzangu wa skuli ninakofundisha aliniazima hadithi ya kutisha, ya Kiingereza. Ina padri mcha Mungu aliyetamani kuwa mkubwa wa nyumba yao ya ibada, na kila akisimama kusali husikia mtu nyuma ya ukuta akimwita kwa jina. Nikawa nawasomea kina mama hapa kwetu baada ya alasiri, nikiigeuza kwa Kiswahili. Waliosema astaghfirullah ndio waliotangulia kufika kesho yake. Shangazi alisema mashetani kawazoea; kinachomkalisha yeye ni mtu anayemcha Mungu kweli na kutaka ukubwa kweli, ndani ya kifua kimoja, na hajui kipi kitamshinda mwenziwe.

Miongoni mwao alikuwepo Bi Sichana, mke wa Maalim Matar. Maalim huyu ndiye aliyetoa kile kitabu cha mawaidha kinachosifiwa mjini, na Ijumaa hii atapanda mimbari kwa mara ya kwanza, akiwa khatibu wa msikiti wa mtaani. Jumamosi nilifika pale inapobainika siri ya padri: kwamba maandishi yaliyompa cheo hayakuwa yake. Aliyachukua chini ya mto wa mwalimu wake, siku mwalimu alipokufa. Wote walishusha pumzi isipokuwa Bi Sichana. Aliinuka akaenda zake, buibui lake akaliacha pale pale.

Jumapili asubuhi Maalim alikuja mwenyewe, akakitaka kile kitabu cha hadithi. Nikasema nimekirudisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bi Duni amekwambia nini?"

Bi Duni ni mjane wa aliyekuwa mwalimu wake, anaishi Ng'ambo katika chumba alichopewa na Maalim. Nilimwambia simjui bibi huyo, na ile ni hadithi tu. Hakusadiki. Jana nikasikia Maalim amemtaka Bi Duni ahame kabla ya Ijumaa.

Kaka, sasa nakwambia nililomficha kila mtu. Kitabu kile kimeliwa na mchwa, nusu ya mwisho haipo. Siku nne nzima nilikodolea macho kurasa nilizokwisha kuzisoma, huku nikitunga kichwani. Yale maandishi ya chini ya mto nimeyabuni mimi. Sikujua lolote la Maalim. Nilitaka tu wasiache kuja, na waendelee kunitazama vile.

Leo asubuhi nimekwenda kwa Maalim nikamweleza hayo, Bi Duni asije akaonewa. Bi Sichana alikuwa amesimama mlangoni. Maalim akakisogeza kando kikombe chake cha kahawa, akasema, "Kumbe nimejichongea mwenyewe." Akakubali Bi Duni abaki. Lakini akauweka msahafu mbele yangu, niape kuwa sitomwambia mtu alikokitoa kitabu chake. Nikasema siwezi kuapa kabla ya kukuuliza wewe. Amenipa hadi Alhamisi. Njoo, kaka, njoo wewe mwenyewe. Sijui mtu aliyeikaribia mimbari kiasi kile anaweza kufanya nini ili asiikose.

Na bado si yeye anayenitisha zaidi. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka juu ya msahafu, na mimi, kabla sijamwonea huruma, nilikuwa nshaanza kutafuta maneno ya kuielezea hadithini.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Mpe salamu zangu wifi Kazija, na watoto uwabusu. Barua hii ukishaisoma ichome.

Ni mimi nduguyo,
Mwanamwema binti Usi