Kindi Haji Tena, na Mume Wangu Amenyamaza

Shangazi Enid, nakuandikia nikiwa jikoni na chai imeshapoa pembeni, na kabla hujaenda mbali naomba usinicheke, kwa sababu shida yangu ni kindi, na najua wenzangu wanakuletea hapo gazetini habari za waume waliotoroka na watoto wasiopiga simu, lakini kwangu mimi kindi ndiye ameondoka na mume wangu, na sina mwingine wa kumwambia.

Mume wangu ni Trevor, alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapia hapa Otley mpaka akastaafu, na tangu tuhamie nyumba hii, binti yetu Joanne akiwa bado anatambaa, amekuwa na kimeza cha kulishia ndege nyuma ya nyumba, juu ya mlingoti wenye miguu, alichokitengeneza kwa mikono yake, na tangu siku aliyokisimamisha amekuwa na vita na kindi. Akapaka mlingoti mafuta ya nguruwe, kindi wakapanda wakilamba njia nzima. Akachanganya karanga na pilipili, maana ndege hawausikii ukali wake, kindi akala, akatikisa kichwa, akaendelea kula. Akafunga kifuniko cha bati la biskuti za Krismasi katikati ya mlingoti ili wasipite, wakarukia kutoka kwenye kamba yangu ya nguo. Mwisho akachukua springi ya kuchezea ya Joanne, ile inayoshuka ngazi yenyewe, akaivisha mlingotini, na kindi wa kwanza kuishika akashuka nayo polepole mpaka chini, akapanda tena, akashuka tena, na Joanne, wakati huo hajafika hata darasa la pili, amesimama juu ya kiti hapa hapa dirishani anacheka mpaka akalowesha soksi zake. Nikikumbuka siku ile, Shangazi, nasikia raha na uchungu kwa pamoja.

Kila kindi aliitwa Diwani, kwa sababu, Trevor alisema, ni mnene, anakula vya wenzake, na ukimtaka kwa shida humpati. Mmoja akipotea akaja mwingine, Trevor ananiita, "Mpenzi, njoo uone, uchaguzi umefanyika, tumepata Diwani mpya!" Jirani yetu Keith naye kila asubuhi akichungulia juu ya ua, "Trevor, vipi matokeo?" na Trevor, "Amenifunga mawili, Keith, lakini mpira bado unachezwa!" Mimi nilikuwa nasonya, naosha vyombo, nasema hawa wazee wawili hawana kazi. Laiti ningejua.

Mwaka juzi Trevor akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalegea na maneno yakakwama, na kwa wiki nyingi alikuwa akisema "ndiyo" na "hapana" tu, tena mara nyingine akiyabadilisha, mpaka asubuhi moja nipo nakaanga mayai nikasikia fimbo inagonga kioo na sauti ya mume wangu, nzima kabisa, "Toka hapo, mwizi wewe! Kodi yenyewe hulipi!" Nikaangusha kijiko. Diwani alikuwa mezani kwa ndege, amekaa kama yuko kikaoni. Kuanzia siku hiyo Trevor akawa anainuka kila asubuhi mwenyewe, anashika ukingo wa dirisha, anamtukana Diwani mpaka uso unapata rangi, na dada wa hospitali anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo akaniambia chochote mnachofanya msiache.

Sasa Joanne, ambaye ni mtoto mwema, akaona baba yake ataanguka kwa hasira zile, akamletea Krismasi chombo kipya cha chuma cha kulishia ndege, kitu chenyewe akikaa mnyama mzito vidirisha vinajifunga, akakining'iniza mwenyewe, na kimeza cha zamani akakiweka nyuma ya kibanda kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umeoza. Na kinafanya kazi, Shangazi! Diwani alijaribu juu, akajaribu chini, akaning'inia kwa miguu ya nyuma, akakata tamaa akahamia kwa Keith. Trevor alitazama yote akiwa kwenye kiti chake, akasema, "Haya. Imekwisha," na hajainuka kwenda dirishani tena.

Mwisho wa Januari, ile saa moja ya nchi nzima kuhesabu ndege wa bustanini, ambayo hatujawahi kuikosa, yeye akitaja na mimi nikiandika, mwaka huu ndege walijaa kama hatujawahi kuona, mpaka wale wadogo wa buluu walikuwa wanapigania foleni. Nikamwambia, "Trevor, taja basi." Akasema, "Andika unavyotaka." Akawasha televisheni. Maneno yameanza kupungua tena, Shangazi, nayasikia yanavyopungua.

Joanne anapiga kila Jumapili, "Mama, chombo vipi?" nami najibu, "Kizuri sana mwanangu, baba yako anakipenda," na Trevor akipewa simu anasema, "Ndiyo, ndiyo." Chini ya chombo kuna skrubu ya kupangia uzito unaofunga vidirisha. Jana nilitoka na koti la nyumbani, bisibisi mfukoni, nia yangu niikaze skrubu hiyo mpaka vidirisha visijifunge tena, Diwani apate kula, halafu nikaogopa. Trevor akijua ataona ninamchezea kama mtoto. Joanne akijua atalia. Na Trevor akianguka pale dirishani je, si nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu? Nifanye nini?

Ni mimi, mwenye bisibisi mfukoni, Otley.

*

Mwenye bisibisi,

Sijakucheka. Nilicheka pale kwenye springi, na kwa hilo utanisamehe, halafu nikafika kwenye "andika unavyotaka" nikaweka barua chini nikaenda kujitengenezea chai.

Pole, dada. Sasa nikugombeze kidogo, maana umekuja mwenyewe.

Sisi watu wa nchi hii tuna ugonjwa wetu. Tukipewa zawadi isiyotufaa tunasema asante, tunaiweka mahali pa kuonekana, na tunaweza kuishi nayo miaka thelathini mradi aliyeitoa asijue. Nina chungu cha maua cha marehemu wifi yangu, kibaya hakisemeki, bado kiko kwenye ngazi. Chungu hakijamdhuru mtu. Lakini wewe kila Jumapili unamwambia binti yako uongo mtamu, mumeo anaitikia kwenye simu, na Joanne huko aliko analala akiamini amemlinda baba yake. Nyumba nzima mna adabu, na mgonjwa anazidi kunyamaza.

Bisibisi irudishe kwenye droo. Mumeo kashika skrubu maisha yake yote, unadhani hataona iliyoguswa? Ataiona kutoka kwenye kiti chake, na hapo ndipo kweli atajiona mtoto. Aliyemshinda Diwani hakuwa yeye, ni kiwanda cha watu asiowajua. Hilo ndilo lililomkalisha chini. Usimwongezee la pili, kwamba hata kushindwa sasa anapangiwa na mkewe.

Jumapili hii usingoje simu, piga wewe. Mwambie Joanne hivi, bila kuzunguka: "Mwanangu, chombo chako ni kizuri mno, kimemnyima baba yako kazi. Njoo." Atalia, ndiyo. Mwache alie. Kisha mkumbushe ile springi na kiti alichosimamia, uone kama hatakuwa amevaa koti kabla hujakata simu. Huyo mtoto naye alikuwa na sehemu katika vita hiyo, na hakuna aliyemuuliza kama anataka iishe.

Chombo chake kibaki pale pale, ndege wapate kula kwa amani. Lakini kile kimeza kitoeni nyuma ya kibanda, mkiweke juu ya meza ya jikoni, mtandike magazeti, na mkiweke mbele ya Trevor hivyo hivyo, na ule mguu wa kimeza uliooza. Usimwambie unamfanyia mazoezi. Mwambie umeshindwa kuutengeneza, jambo ambalo nadhani ni kweli. Mkono wa kulia anao, ulimi anao, na Joanne atashika misumari. Akikosoa namna mnavyoshika nyundo, msijibu chochote, furahini. Springi kama bado ipo, na watu kama wewe hawatupi kitu, aivishe yeye mwenyewe.

Habari ya kuanguka, hilo ni la kweli na usilifanyie mzaha. Mpigie yule dada wa mazoezi mwambie kila kitu, hata jina la Diwani. Mwombe aje aone dirisha. Ondoa zulia dogo lililo hapo, najua lipo, lipo katika kila jiko la Otley. Weka kiti chenye mikono imara karibu na kioo, na ukingoni pafungwe kishikio. Mwanamume anayeinuka mara mbili kwa siku akiwa na pa kushika yuko salama kuliko yule anayekaushwa na televisheni.

Na Keith mwambie aache kumlisha Diwani. Kuna timu inamsubiri.

Halafu rudi kwenye vyombo vyako na usimsimamie mtu yeyote. Huenda ikapita siku kadhaa bila chochote, vumilia. Lakini asubuhi ukisikia fimbo inagonga kioo na mtu anaitwa mwizi kwa sauti nzima, usikimbie, usilie, usimwambie kitu. Zima jiko tu, kausha mikono, nenda usimame karibu naye, umuulize vipi matokeo.

Shangazi Enid