Picha ya Mgongo wa Mama

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chai ya jioni.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kwanza, maana nakujua, ukiona barua ndefu utadhani kuna msiba. Hakuna. Sisi wazima, ila goti la Mama linamsumbua akikaa sana kwenye cherehani. Wewe je, kifua kimepona? Unakula vizuri, au bado unakula umesimama kama mtu anayefukuzwa? Nijibu ukweli.

Picha uliyompiga Mama ilifika salama, haikukunjwa hata pembe. Asante sana. Mbona nimechelewa kushukuru? Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Ulituambia kwamba nyingine kama hiyo imetundikwa kwenye maonyesho na watu wanakuja kuitazama, basi Mama akawaita wateja wake waje kuona anavyotukuzwa. Tukaifungua, tukakuta mgongo. Mgongo wake kwenye cherehani, tepi ya kupimia shingoni, mwanga wa dirishani umeangukia mkono mmoja na kipande cha kitambaa, kwingine kote giza. Mteja mmoja akauliza kama flashi iliharibika. Mwingine akasema, kwa huruma, labda mpigapicha bado anajifunza. Mama alicheka nao. Walipoondoka akaichomeka nyuma ya kabati.

"Mtoto niliyemzaa mwenyewe anawaonyesha watu kisogo changu," aliniambia. "Kwani uso wangu una nini?"

Ndiyo maana ulipopiga simu hukumpata. Mara yuko bafuni, mara ana mteja. Alikuwa amekaa hapa hapa mbele yangu, ananipungia mkono nikudanganye. Iliniuma, mdogo wangu. Niliogopa hasira ile itaota mizizi, na wewe uko mbali hivyo.

Unamkumbuka yule mwenye studio tunayemwita Cheka Kidogo, kwa kuwa hajawahi kumpiga mtu picha bila kumwamrisha hivyo? Mama alimpelekea picha yako aitibu. Akaiingiza kwenye kompyuta, akafukuza giza lote, akaturudishia yako pamoja na nakala inayong'aa. Kila kitu kikaonekana: ndoo, waya wa pasi, mafurushi ya wateja, hata utando wa buibui juu ya dirisha. Aliijivunia kweli kweli.

Mama akaitazama nakala ile, akaigeuza huku na huku. Mwishowe akasema hajioni pale, anaona ndoo.

Nikaichomoa yako, iliyokuwa imerudishwa nyuma ya kabati, nikazilaza zote mbili kwenye meza ya kukatia. Nikakumbuka yale uliyonieleza kwenye simu, ambayo, nisikufiche, niliyasikia kwa sikio moja. Kwamba picha ya namna hii haiulizwi kwanza ni ya nani. Uitazame bila haraka, ujue jicho linakimbilia wapi, mwanga unatoka wapi, kilichofichwa kimefichwa kwa nini, na mwenye kamera alikuwa wapi. Na kwamba kila mtu ana ruhusa ya kusema analoliona, mradi aweze kulionyesha ndani ya picha.

Basi tukaanza kama wanafunzi. Mimi nikajidai kusema giza ni uchovu. Mama akaniambia nimwonyeshe huo uchovu uko wapi, nikashindwa. Yeye akaweka kidole kwenye ule mkono wenye mwanga. Akasema umeshika kitambaa kwa ulegevu, na mtu aliyechoka hubana. Huyu amefika mshono wa mwisho, ana raha zake. Nikaufunika mkono kwa kiganja changu, picha nzima ikafa. Nikaufunua, ikafufuka. Nilisisimka, na mimi si mtu wa kusisimka.

Likabaki swali la ulikuwa wapi. Mama akainama karibu kabisa. Ukikaza macho gizani, meza ya cherehani inaonekana kutokea chini, hadi mbao za uvunguni, na kichwa cha Mama kiko juu sana. Mtu mzima aliyesimama haoni hivyo. Akafuata kwa kidole mpaka pembeni, penye kivuli cha kizingiti, kisha akavuta kiti akakaa.

"Alichuchumaa mlangoni," akasema. "Pale alipokuwa akikaa utotoni, ananingoja nimalize nguo za watu."

Alilia, na mimi nikalia. Kisha akanituma nyundo. Sasa mgongo wa Mama unatutazama kutoka ukutani, na mteja akiuliza uso uko wapi, anaambiwa achuchumae kwanza. Cheka Kidogo naye kaja. Alichuchumaa muda mrefu, na hakumwambia mtu acheke.

Asante kwa picha, na asante zaidi kwa kutufundisha kutazama. Nimeishi katika chumba hiki tangu nizaliwe, nisijue kuwa kina mwanga mzuri kiasi kile.

Shangazi anakusalimu, mjomba seremala anakusalimu na anasema fremu ni kazi yake, usimshukuru mwingine. Binti yangu Kibonge anataka umpige picha, lakini ya uso. Msalimie sana wifi yangu. Mungu akulinde uendako, na macho aliyokupa akutunzie.

Mama atakupigia mwenyewe akiacha kulia. Kwa sasa kaniambia niandike maneno yake kama yalivyo: "Mwambie enzi zile za utoto wake nilikuwa najua yupo pale mlangoni. Sikugeuka kwa sababu nikiuona uso wake, kazi inanishinda. Akija akae palepale. Safari hii nitageuka."

Ni mimi dada yako,
nikupendaye na kukushukuru.