Sheria ya Kumi na Sita

Jumapili, Februari 1992

Alikuwa ameshanishinda, na bado akachukua karata!

Shemeji Saidi, aliyewahi kugawa karata kwenye kasino ya Kinshasa, amenifundisha mchezo wa ishirini na moja kwenye meza yangu ya kushonea, yeye akiwa mgawaji. Tumecheza kwa vifungo, maana kamari ni haramu. Anayekaribia zaidi ishirini na moja anashinda, anayepita ameungua.

Nilisimama kwenye kumi na tano, sikuongeza karata. Yeye alikuwa na kumi na sita.

“Si ubaki hapo hapo?”

“Hapana, shemeji. Mgawaji akiwa na kumi na sita lazima aongeze. Sheria iko hivyo.”

Akavuta tisa, akaungua, akanisukumia vifungo bila kununa.

Mgawaji mwenyewe anatii sheria inayomwangusha! Hapa kwetu siku hizi, mkubwa gani angetii…

Nikamwomba tucheze tena, nione kama atatii. Akatii tena.