Kwa Jaduong', Kuhusu Boneti ya Diwani

Jaduong',

Mzee wangu, sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilishika upande mmoja wa jeneza. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa nacho sisi wawili: wewe Mjaluo wa Magunga, mimi Chacha, Mkuria wa mpakani, miaka sita katika gereji moja hapa Rongo, na Kidholuo changu ulikuwa unakicheka mpaka unashika tumbo. Nakuandikia kwa sababu jina lako lilichafuliwa. Tangu tukuzike, Diwani alikuwa akipita sokoni akisema ulikuwa fundi wa kubahatisha, na watu wakamwamini. Malori yaliyokuwa yakija kwetu yakaanza kupelekwa Kisii. Mama Achieng', mke wako, akawa anafungua mlango wa gereji asubuhi na kuketi peke yake mpaka jioni.

Unamkumbuka Diwani alivyokuja. Jana yake tu alikuwa akipima chumvi kwa kijiko dukani. Uhuru ukaja, akachaguliwa, akanunua gari jeusi, akaanza kutembea kama mtu anayeogopa kuichafua hewa. Huko Nairobi aliona gari ambalo buti lake hufunguliwa kwa kubonyeza swichi ndani, na tangu hapo hakupata usingizi. Alitaka buti lifunguke lenyewe, na boneti pia. Ukamuuliza kama mikono yake inauma. Akajibu kwamba haiumi, ati anashukuru Mungu. Nililazimika kuingia chini ya lori nicheke.

Kazi yenyewe uliifanya vizuri, nani atabisha? Ulitoa sumaku ya umeme kwenye stata ya lori lililokufa, ukaifunga mkabala na komeo la buti, ukapitisha waya chini ya zulia mpaka kwenye dashibodi, swichi mbili na fyuzi. Ukabonyeza, buti likaruka. Mtu mzima mwenye wake watatu akapiga makofi. Wiki hiyo hiyo akaenda kwa mpiga rangi mmoja, akaziba tundu la ufunguo la buti, ati linaharibu sura ya gari. Baada ya hapo kila Jumapili aliegesha mbele ya kanisa na kufungua buti mara tatu, nne, na ndani hamna kitu ila gurudumu la akiba.

Boneti hukuimaliza. Kifua kilikupeleka hospitalini Homa Bay, na siku uliyoondoka uliniachia neno moja. "Sumaku ifunge, lakini kebo ya kufungulia boneti kwa mkono usiiondoe. Ipitishe chini ya bampa, ifunge kitanzi. Umeme ukizimika, betri iko ndani ya boneti. Utaifikia wapi?" Hata mtu asiyejua spana angeelewa.

Nilifunga kama ulivyosema. Diwani akaja, akainama, akaona kitanzi. "Gari la mheshimiwa linafungwa kamba kama mbuzi?" Halafu akanishika bega, akasema kwamba wewe Jaduong' umezeeka, mkono wa kisasa ni wangu mimi. Jaduong', mtu huyo nilimdharau tangu siku ya kwanza. Nilidharau viatu vyake, kicheko chake, na vile alivyotamka neno "maendeleo" kama anatafuna nyama. Na sifa yake moja ilinitosha. Nilichukua plasi nikaikata kebo, nikaivuta yote, nikaitupa nyuma ya choo.

Siku tatu baadaye nilikuja kukuona na ndizi. Hata salamu hukumaliza. "Umeacha kebo?" Nikasema nimeacha. Ukasema, "Sawa basi," ukafumba macho, ukalala kama mtu aliyetua mzigo. Nimewahi kuwadanganya askari wa barabarani bila kupepesa jicho. Hilo la kwako bado nalibeba.

Sasa nikueleze ya mazishi, maana hukuona. Diwani alifika Magunga amechelewa, barabara ile ya mawe imemtikisa kutoka Homa Bay, akaegesha katikati ya boma. Vijana waliporudi na ng'ombe kufukuza kifo, kama kwenu mnavyofanya, ng'ombe wa watu walilazimika kulizunguka gari lake. Ndani ya buti alikuwa na kipaza sauti, amejiandalia hotuba. Akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena, akiwatabasamia waombolezaji. Kimya. Taa hamna, honi hamna. Tukalisukuma mbele na nyuma kwenye mchanga, injini haikushika. Mimi nilijua: kibano cha betri kimeruka, kazi ya spana moja, dakika moja. Lakini betri iko chini ya boneti, na boneti inangoja umeme wa betri, na kitu pekee ambacho kingeifungua nilikuwa nimekitupa nyuma ya choo huko Rongo.

Wakaleta mtaimbo. Wakavunja uso wa gari, kile chuma kinachong'aa mbele. Na kweli, kibano kilikuwa kimeruka tu. Diwani akalitazama gari lake limeng'oka meno, akaligeukia kaburi lako, mbele ya Mama Achieng' na wanao. "Kazi ya huyu mnayemlilia ndiyo hii." Watu mia na zaidi walisikia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na nikaufyata. Nilitazama viatu vyangu. Kama kuna mtu wa kudharauliwa siku ile, Diwani alikuwa wa pili.

Nilinyamaza wiki sita. Nikamwambia Mama Achieng' Jumatatu iliyopita, nikiwa nimesimama mlangoni kama mdaiwa. Hakulia wala hakunitukana, nilitamani anitukane. Alisema, "Mume wangu hakuwahi kukata kebo ya mkono. Nilijua ni wewe. Nilitaka kuona utachukua muda gani." Akaendelea kuchambua mboga. Nilipotaka kumwomba msamaha aliniambia si yeye aliyetukanwa mbele ya watu.

Kwa hiyo siku ya soko nilikwenda. Diwani alikuwa juu ya meza anaongea habari za barabara. Nilipanda bila kualikwa, nikasema yote: kebo, plasi, choo, na uongo niliokuambia kitandani. Sikumwacha nyuma, nikasema pia ni nani aliyeita kitanzi kamba ya mbuzi na kwa nini tundu la ufunguo lilizibwa. Watu wakamcheka kwanza yeye, halafu mimi, mimi zaidi. Diwani alishuka akasema ati amewasamehe mafundi wote. Ana moyo mkubwa, bwana yule, kila kitu chake ni kikubwa isipokuwa akili. Sokoni sasa naitwa Kata-Kebo. Hata wauza dagaa wananiita hivyo.

Jana lori moja lilirudi. Dereva alisimama mlangoni akamwambia Mama Achieng' kwamba wamesikia, kwamba gereji ya marehemu ni gereji ya marehemu, lakini gari lake lisiguswe na Kata-Kebo. Mama Achieng' alikuwa amekwisha kumwita binamu yako kutoka Mbita, ndiye aliyelala chini ya lori lile. Mimi nilitoka nje nikaketi juu ya tairi. Hapo ndipo nilipolia, Jaduong', kwa mara ya kwanza tangu ufe, na sikulia kwa uchungu.

Nakuahidi hili: nitabaki hapa nikiosha vyuma na kumpa binamu yako spana, mpaka Mama Achieng' mwenyewe aseme nishike gari. Asiposema, nitaendelea kuosha. Lala salama. Jina lako limerudi kwako, na lile baya nimelichukua mimi, linanienea.

Chacha